Mafunzo ya frisbi Nakuru: Jumamosi nane, elfu mbili, na "pole" nyingi mno

Nianze na pesa, maana najua ndilo swali la kwanza. Ni shilingi 2,000 kwa Jumamosi nane, au 300 ukija siku moja moja. Unatuma kwa simu kabla ya kukanyaga nyasi, na msichana mmoja mwenye daftari la mraba anaandika jina lako. Hilo lilifanyika sawasawa wiki zote nane. Jina la kundi silitaji, kwa sababu yapo mambo mawili matatu nitakayoyasema hapa ambayo wenyewe nimeshawaambia ana kwa ana, na wameahidi kuyarekebisha.

Aliyenipeleka ni mpwa wangu anayesoma Egerton kule Njoro. "Anti, njoo ujaribu. Hakuna refa." Nilicheka. Nakuru hii? Hata foleni ya maji Kaptembwa lazima mtu aishike, la sivyo mitungi inarukana. Lakini nilikuwa nimekaa dukani miezi na miezi nikiuza spea za pikipiki karibu na soko la Wakulima, mwili umelegea, na ujana wangu niliumalizia kwenye netiboli: miaka minne sekondari, mlinzi, herufi GD kifuani na mgongoni. Nikasema potelea mbali, nikatuma elfu mbili.

Kwa asiyeujua mchezo, wenyewe huuita ultimate: mnapasiana frisbi, ile diski bapa ya plastiki. Saba kwa saba, kama netiboli. Uwanja kamili una urefu wa mita 100 na upana wa mita 37, na kila mwisho umekatwa eneo la mita 18; ukidaka diski ndani ya eneo mnalolishambulia, ni pointi. Ukishadaka hukimbii nayo, unazunguka kwa mguu mmoja tu, jambo ambalo magoti yangu yalilikumbuka kabla ya kichwa. Netiboli hukupa sekunde tatu za kuushika mpira. Hapa unapewa kumi, na anayezihesabu ni mpinzani wako mwenyewe, kwa sauti, usoni pako. Diski ikigusa chini imekuwa yao. Ulianzishwa na wanafunzi wa shule moja ya Maplewood, New Jersey, huko Marekani mwaka 1968, na naona kweli una akili ya watoto wa shule ambao siku hiyo mwalimu wa michezo hakuja.

Uwanja wetu ni wa shule ya msingi upande wa Lanet, mfupi kidogo kuliko vipimo kwa sababu mwisho mmoja kuna sukuma wiki ya shule. Nyasi za Februari mnazijua: kavu, miiba, na mashimo ya fuko yanayongoja kifundo cha mguu. Tulikuwa watu kumi na tisa na diski nne. Tatu ni zile halisi za gramu 175, zimekwanguka kingo lakini zinakwenda unakozielekeza. Ya nne ni ya kuchezea watoto, imenunuliwa supamaketi, na upepo ukiamka hiyo hupaa kama mfuko wa nailoni enzi zile kabla haijapigwa marufuku. Ikikuangukia wewe kufanyia mazoezi, umepoteza asubuhi yako.

Sasa tuje kwenye hilo la kukosa refa, maana ndilo hasa unalolilipia.

Ukiguswa kwa namna iliyokuharibia, unapaza sauti: "Faulo!" Wote wanasimama palepale walipo. Aliyekugusa anajibu mojawapo ya mawili: nakubali, au napinga. Akikubali, na wewe ulikuwa unaidaka, unapewa diski hapo ulipochezewa ngware. Akipinga, mnaelezana kidogo, na msipoafikiana diski inarudi kwa aliyeirusha, kana kwamba hakuirusha. Hakuna kadi. Hakuna penalti. Hakuna wa kukimbilia kumlalamikia.

Hili nililielewa haraka kuliko wenzangu, kwa sababu ya duka. Mteja anarudi na breki, anasema haikuingia. Mimi naona imelazimishwa kwa nyundo. Tunaweza kubishana mpaka jua lizame, au anirudishie changu nimrudishie chake na kila mtu awe alivyokuwa kabla hajaingia mlangoni. Siku nyingi tunamaliza hivyo. Na ukitazama vizuri, mpango huo unaufanya uongo usiwe na faida kubwa. Kwenye netiboli nikikamatwa nimemgusa mtu, nilisimamishwa kando yake mpaka pasi itoke, kama mtoto aliyeadhibiwa, na timu yangu imepungukiwa mlinzi. Kwa hiyo tulijifunza kuficha. Waamuzi ni wawili, macho ni manne, na ukizoea unajua ni wakati gani yote manne yako kwingine.

Wiki ya tatu ndipo nilipojua nimenunua nini.

Diski ilikuwa juu, upepo umeibeba, inaelea kama mwewe aliyeona kifaranga. Nilikuwa chini yake, mikono tayari. Nikasikia viatu nyuma yangu. Kijana mmoja mrefu, fundi wa kuchomelea mageti, akaruka kutoka nyuma. Goti lake likaniingia kwenye nyonga ya kulia, mimi nikaenda chini, yeye akatua na diski mkononi ndani ya eneo. "Pole mathe! Pole sana!" Akaninyoshea mkono, akaniinua, akanipangusa vumbi begani. Nami, kwa mdomo huu huu unaobishana na wateja kuanzia asubuhi, nikajibu: "Haina shida."

Kocha akaja. "Uliita?"

"Niite nini?"

"Faulo."

"Si mmeona wote?"

"Kuona tumeona. Lakini aliyeguswa ni wewe."

Pointi ikabaki yao. Kanuni ndivyo ilivyo: faulo inaitwa na aliyechezewa, na inaitwa pale pale. Ukishasema haina shida, basi kweli haina. Nilirudi nyumbani na alama ya ukubwa wa mandazi, nikaikanda kwa maji moto ya chumvi, na Jumatatu sikuweza kukalia stuli ya dukani. Hasira ilikuwepo, lakini si ya yule fundi. Ilikuwa ya lile jibu langu.

Hili neno "pole" sisi tumejaliwa. Tunamwambia mgonjwa, tunamwambia aliyepanda ngazi, tunamwambia hata mtu aliyejikwaa ng'ambo ya barabara ambaye hatumjui. Ni neno zuri, sitaki kulisema vibaya. Ila uwanjani huu linafunga kesi kabla haijasikizwa. Aliyesema pole ameshaungama, aliyejibu haina shida ameshasamehe, na diski imebaki kwa yule aliyeangusha mwenzake. Nilianza kuhesabu. Jumamosi ya nne pekee nilisikia "pole" kumi na nne. "Faulo" nilizisikia tatu, na mbili kati ya hizo ziliitwa na mtu mmoja, ambaye nitamfikia.

Nilimuuliza kocha baadaye kuhusu ule mruko, kwa sababu yule fundi alikuwa akijitetea kwa wenzake kwamba aliishika diski kwanza. Akanieleza kwamba kuishika kwanza hakumsafishi mtu. Kuruka bila kujali aliye mbele yako kunahesabiwa kuwa mchezo wa hatari, na mchezo wa hatari ni faulo hata mgusano ukija baadaye, hata usipokuja kabisa kwa sababu mwenzako alijikunyata akakupisha. Wakati huo huo, si kila kuguswa ni kesi. Mabega mawili yakisuguana watu wakiifuata diski moja, na hakuna aliyepoteza chochote kwa msuguano huo, unanyamaza na kuendelea. Kujua tofauti ya hayo mawili ndiyo kazi yote. Na hapo ndipo lawama yangu kubwa kwa waandaaji: haya yote nilielezwa wiki ya tatu, nikiwa na barafu ya kuazima kwenye nyonga. Siku ya kwanza tulipewa dakika kumi za kanuni, tena tukiwa tumesimama juani, nusu yetu tukifunga kamba za viatu. Refa mmoja anaweza kujua sheria kwa niaba ya watu kumi na wanne. Mkimwondoa, wote kumi na wanne lazima wazijue. Huwezi kuuza mchezo usio na refa halafu ukabania somo la sheria.

Wiki ya tano mkosaji nikawa mimi.

Nilikuwa nikimkaba kijana mpole wa miaka kumi na tisa hivi, mwenye kamba nyekundu kwenye kiatu kimoja na nyeupe kwenye kingine. Mkono wangu wa kushoto ukaenda wenyewe mgongoni pake, vidole viwili tu, juu kidogo ya kiuno. Walinzi wa netiboli watanielewa. Humshiki mtu, unamsikiliza. Akitaka kwenda kulia, vidole vinajua kabla ya macho. Na akiruka, unabonyeza. Kidogo tu, asione mtu. Kijana akaruka, nikabonyeza, diski ikampita kucha. Akanitazama, akatazama chini, akarudi kukaba. Nikarudia tena. Na tena.

Wakati wa maji nikamfuata. "Kijana, mbona hukuita?"

Akazungusha kifuniko cha chupa. "Nitakuitia vipi faulo, mathe? Wewe ni rika la mamangu."

Nikakosa la kusema. Wiki mbili nilikuwa nimejihesabu mtu aliyeonewa kwa sababu ya upole wangu, kumbe na mimi nilikuwa nimejenga kibanda kwenye upole wa mwingine. Mchezo huu unataka watu wawili wasimame waambiane usoni, wewe umenikosea hapa, bila mkubwa wa kuwasimamia. Kwetu anayemwambia mkubwa kwamba amekosea huwa ni mkubwa mwenzake, tena kwa kuzunguka. Sijui Wamarekani wao hufanyaje na mama zao. Sisi inabidi tuuache umri kando ya mstari pamoja na mabegi, na hilo halitokei kwa sababu tu kocha amesema "huku sisi wote ni wachezaji".

Nikamwambia: safari ijayo, ita. Na safari ijayo haikuchelewa. Mkono ukaenda, akaruka, nikasikia kitu kama mnong'ono: "Faulo."

"Napinga!" nikasema, hata kabla hajafunga mdomo.

Mchezo ukasimama. Watu kumi na wawili, mikono kiunoni, wanatungoja sisi wawili. Kijana hakubishana. Alijigusa tu mgongoni, pale pale, akasema, "Ulinibonyeza hapa." Hakupandisha sauti wala hakutafuta shahidi. Nami vidole vyangu vilikuwa bado na joto la jezi yake. Refa angepuliza kipenga ningelaumu macho ya refa; nimefanya hivyo mara nyingi. Hapa hapakuwa na macho ya kulaumu.

"Nakubali."

Hakuna aliyepiga makofi. Alipewa diski, mchezo ukaendelea, na masikio yangu yakawaka mpaka saa nane mchana nikiwa dukani nauza plagi.

Sasa yule bwana niliyesema nitamfikia. Ana biashara ya mbao, umri wa hamsini na kitu, na kila diski inayomponyoka ni faulo. Kila moja. Mkabaji anapinga, diski inarudi, inarushwa upya, inamponyoka tena, faulo tena. Hapa nitasema ukweli wangu: kwa mtu kama huyu mchezo hauna dawa ya haraka. Hakuna kadi ya njano ya kumpunguzia kasi. Pointi moja ilituchukua muda ambao ningekuwa nimehudumia wateja wanne. Kilichomtuliza, kama kipo, kilitoka kwa timu yake mwenyewe. Wiki ya sita alipoita, msichana wa timu yake, tena mwenye daftari la majina, akasema bila kupaza sauti: "Mzee, hakukugusa. Imekuponyoka tu." Nilidhani ni utovu wa adabu. Kumbe kanuni zinamtaka mchezaji amwambie mwenzake wa timu akikosea kuita. Mzee akacheka kicheko cha upande mmoja, akaiondoa. Wiki ya nane aliita mara mbili tu. Moja ilikuwa ya kweli, nilikuwa karibu nikaona.

Kuna wito mwingine, "piki". Unaita ukiwa mkabaji, uko ndani ya mita tatu na mtu wako, halafu mchezaji mwingine akakuzibia njia ya kumfuata. Mara ya kwanza niliposikia mtu anapiga kelele "piki!" niligeuka kutazama barabara. Kazi ni kazi.

Mwisho wa kila mechi mnakaa duara, timu mbili zimechanganyika, na mnapeana alama za uungwana. Vipengele ni vitano: kujua na kutumia sheria, faulo na kugusana, kutenda haki, moyo na kujizuia, na namna mlivyozungumza. Kila kimoja ni kati ya 0 na 4, na 2 maana yake ni kwamba mlicheza vizuri, kawaida. Kwa hiyo mechi njema inapata 10 hivi. Sisi? Wiki tano mfululizo kila timu ilipewa 20. Hata ile wiki ya nyonga yangu. Tunaogopa kumpa mtu 2 tukidhani tumemtukana. Wiki ya sita niliipa timu ya yule fundi 1 kwenye kugusana, nikasimama nikaeleza kwa nini, na ukimya ulioingia pale ulikuwa wa matangani. Mpwa wangu alitazama nyasi. Lakini fundi mwenyewe aliuliza, "Sasa nilipaswa kufanyaje, mathe?" tukaenda pembeni, kocha akamwonyesha namna ya kuingia kutoka ubavuni na kugeuza kichwa mara moja kabla ya kuruka. Dakika kumi na tano. Somo bora kuliko yote niliyolipia, na halikuwa kwenye ratiba.

Jirani yangu wa duka, anayetengeneza simu, hakuamini. "Hata mashindano ya dunia hayana refa?" Nikamwambia hata hayo; wachezaji wenyewe ndio wanaojiamulia. Wamarekani ndio wana ligi ya kulipwa iliyoanza 2012 ambayo imeweka marefa. Akasema hao ndio wenye akili, pesa ikiingia nani atakubali kosa? Nikakosa jibu zuri, na bado sina.

Madogo madogo: wanasema saa mbili asubuhi, wanaanza saa tatu kasorobo. Ufunguo wa choo anao bawabu, na bawabu ana ratiba yake. Sanduku la huduma ya kwanza halikuwepo. Ile barafu ilitoka kwa mama anayeuza soda getini, Mungu ambariki, na mchezo ambao watu wanaruka na kujirusha chini kwenye ardhi ngumu hauwezi kutegemea mama wa soda. Kocha mwenyewe ni mvumilivu na anajua anachofundisha. Mtupo wa mkono wa mbele nilioshindwa nao wiki nne aliusahihisha kwa kunishika kifundo cha mkono mara moja tu.

Naupa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu iliyobaki ya ile ya nne wataipata wakitimiza walichoniahidi, yaani Jumamosi ya kwanza ya awamu ijayo iwe ya sheria, dakika arobaini, chini ya mti, watu wamekaa, na kila mtu afanye mazoezi ya kuita faulo kwa sauti inayosikika. Nilipendekeza wapangwe wadogo wawaitie wakubwa. Kocha alicheka lakini aliandika.

Nimelipa awamu ya pili. Ukija, beba maji yako, vaa soksi ndefu kwa ajili ya miiba, na saa iache nyumbani maana mikono inagongana. Mimi utanijua kwa jezi kuukuu yenye GD mgongoni. Ukisikia vidole viwili juu ya kiuno, usiniite mathe kwanza. Ita faulo.